Mitungi Arobaini na Chumvi ya Mjomba

3 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Kwanza kaa chini, maana najua umeuona mwandiko huu ukasema, kumbe yu hai. Niko hai, tena nimenenepa. Natumaini mgongo wako umeacha kununa, na mkaza mjomba hajambo na bado anakufokea inavyotakiwa. Mimi sijambo kabisa, sina hata mafua.

Najua unataka kuuliza habari ya chumvi. Ni kweli nilikuaga naenda dukani kununua chumvi, na sasa ni miezi minane. Duka lilikuwa mbali. Lakini na wewe, Mjomba. Mtungi wangu wa kwanza uliosimama wima, ukaupitisha waya katikati mbele ya macho yangu, ukasema rudia. Mwaka mzima bakuli, bakuli, bakuli, halafu mtungi mmoja, halafu waya. Miguu yangu haiwezi mambo hayo, unaijua.

Sasa sikiliza. Niko kwenye karakana kubwa, magurudumu sita ya kufinyangia, yote ya mota. Hupigi teke kama kwako, unabonyeza tu kwa unyayo kama mtu anayekanyaga mende. Mwenye karakana tunamwita Mama Tanuru, kwa ajili ya moto wa tanuru na moto wake mwenyewe. Alinianzisha kwenye kukanda udongo. Wiki ya tatu akauliza nani anaweza mitungi yenye mifuniko, kuna wafuga nyuki wanataka arobaini ya kutilia asali. Mafundi wote wakatazama viatu vyao. Mimi nikasema, hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tunaifanya kwa mjomba wangu kabla ya chai. Akanipa gurudumu la dirishani. Mitungi ikitoka vizuri, gurudumu ni langu moja kwa moja. Ikiharibika, narudi kukanda udongo, na huko nimeapa sirudi.

Usihofu, nimeshapanga. Wiki hii nafinyanga mitungi yote arobaini. Wiki ijayo napumzisha vidole na kutembeatembea mjini. Wiki ya tatu mifuniko, chapuchapu, basi. Unaona ulivyolea fundi?

Mpwa wako, ambaye sasa anaitwa fundi


15 Machi

Mpwa,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo ni uleule. Mkaza mjomba wako alilia, kisha akakutukana, kisha akalia tena, kwa hiyo naye mzima.

Siku ile tulikula mboga isiyo na chumvi.

Barua yako nimeisoma mara moja. Ule mstari wa mitungi wiki hii na mifuniko wiki ya tatu nimeusoma mara nne. Nikaingia karakanani, nikafunga mlango, nikacheka peke yangu. Barua hii ikikufikia utakuwa umeshaifinyanga, kwa hiyo sina la kusema.

Mifuniko hukuisubiri. Ulipokwenda dukani, nilikuwa nianze kukufundisha kesho yake.

Mjomba wako


27 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama na paka pia. Kwangu mambo shwari, naweza kusema nang'ara.

Naandika haraka kwa niaba ya rafiki yangu. Kuna kijana hapa, gurudumu la jirani. Alifinyanga mitungi, ikapendeza, ikakauka rafuni. Baadaye akapima midomo yake kwa kijiti, akafinyanga mifuniko sawasawa na kijiti, hakuongeza wala hakupunguza. Ilipokuwa mibichi ilikaa vizuri kama kofia ya askari. Sasa imekauka, na kila mfuniko anaouweka unatumbukia mtungini kama chura. Mitatu imekataa kutoka. Yeye anasema huenda ni hewa ya huku. Nimemwambia nina mjomba anayejua hayo, ingawa mimi mwenyewe pia najua, ila nina kazi nyingi.

Umjibu upesi. Hana raha. Anazunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mpwa wako


4 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Tuko salama, na paka amezaa.

Mpe pole rafiki yako. Anafanana na mtu niliyewahi kumlisha. Mwambie kosa si la hewa. Mwambie aandike mwenyewe, kwa mkono wake, alichofanya na siku alizokifanya. Mimi sizungumzi na mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

Mkaza mjomba wako anauliza kama huyo rafiki anakula vizuri.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Rafiki ni mimi. Ulijua, na mimi nilijua kwamba umejua.

Mifuniko ya kwanza ilipotumbukia nikafinyanga mingine mikubwa kidogo, kwa kukisia. Mingine ikawa mikubwa mno, ikawa inayumba juu ya mtungi kama meza mbovu. Mingine ikapinda. Nikakaa kuisugua kwa jiwe mpaka nikawa mweupe kichwani kama mzee, na mmoja ukanikatikia mkononi. Ndipo Mama Tanuru akaingia. Akachukua mfuniko, akauweka, ukatumbukia. Akachukua wa pili. Alifika wa kumi na moja. Kisha akanigeukia.

"Kwa mjomba wako mlikuwa mnafunika nini?"

Wote wakacheka. Hata Kimya, fundi wa gurudumu la jirani, ambaye sijawahi kusikia sauti yake tangu nifike. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini.

Mitungi yote tumeivunja, ikarudi kwenye pipa la maji kulowekwa iwe udongo tena. Niliivunja mwenyewe kwa nyundo, mmoja mmoja. Amewaomba wafuga nyuki wavumilie mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Nianze upya, mitungi arobaini na mifuniko arobaini. Nikikosa safari hii, gurudumu anapewa mwingine. Kwa sasa linanitazama tu, nami nakanda udongo.

Nifundishe. Neno hilo sijawahi kukuambia.

Mpwa wako


24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Siku ya kumi na tano hii. Kila asubuhi nasimama getini, mpaka mleta barua akiniona anageuza baiskeli upande wa pili wa barabara.

Nimeelewa. Nilikuacha na mboga isiyo na chumvi, na wewe unaniacha na mitungi isiyo na mifuniko. Sawa, tumelingana. Hata gurudumu sijalikaribia, nitafinyanga nini na kosa lenyewe silijui? Nimeshindwa kukaa, nimeshindwa kula. Nakanda udongo huku natazama geti, Mama Tanuru anasema udongo wangu una mapovu kama sabuni.

Kuna lori la matofali linatafuta mpakizi. Ushonaji viatu niliacha, ukinyozi niliacha, wewe nilikuacha. Njia ya kutokea siulizi mtu. Jumatatu sitakuwa hapa. Huna haja ya kujibu.

Mpwa wako


26 Aprili

Mpwa,

Marahaba ya barua yako ya tarehe tisa. Kama umetuma nyingine, bado haijanifikia. Tuko wazima.

Nimechelewa kwa sababu udongo hauna haraka. Ulipouliza nilijua nikikuandikia maneno matupu yatapita sikio hili yatokee la pili. Nikakata ufito wa udongo mbichi, nikakata na kijiti cha mti cha urefu uleule. Ufito nikauacha kivulini siku kumi, nikauchoma tanuruni, nikaungoja upoe. Vyote viwili vimo ndani ya kitambaa hiki. Vilaze pamoja. Vilikuwa sawa. Sasa ona ufito ulivyopungua, upana mzima wa kidole. Hicho kidole ndicho kinachotumbukiza mifuniko yako.

Udongo ukikauka hunywea, na motoni hunywea tena. Wewe ulipima mtungi uliokwisha kunywea, ukafinyanga mfuniko ambao ulikuwa haujaanza. Basi mtungi na mfuniko vitoke kwenye donge moja, siku moja. Pima mdomo ungali mbichi. Asubuhi mtungi, mchana mfuniko. Vikianza kushika, yaani kuwa vigumu kidogo, paka majivu pale vinapogusana visigandane, kisha funika. Vikauke vimefunikana, viingie tanuruni vimefunikana. Udongo wenu siujui, lakini ukifanya hivi huhitaji kuujua.

Halafu kaa. Usiinue mfuniko kuchungulia, utaupinda. Hapo ndipo utakaposhindwa, nakufahamu.

Mtungi wako nilioukata ulikuwa mzuri. Mdomo tu haukuwa sawa, mfuniko usingekaa. Ningeukata tena. Ila ningekuambia kwa nini.

Mjomba wako


2 Juni

Kwa Mjomba na mkaza mjomba,

Shikamooni nyote. Natumaini mgongo unaelewana na wewe, na watoto wa paka wamefumbua macho. Mimi ni mzima, vidole kumi vyote vipo.

Ile barua yangu ya hasira kama ilifika, iwashie moto. Kama haijafika, ikifika, vilevile.

Jumatatu nilitoka kweli. Mkoba begani, asubuhi, lori linanguruma kwenye kona. Getini nikakutana na Mama Tanuru ana kifurushi chako mkononi. Akautazama mkoba. Akaniuliza naenda wapi. Mjomba, mdomo huu ukasema wenyewe: "Dukani. Kununua chumvi."

Akanipa kifurushi, akasema nikirudi nifunge geti.

Nilikaa juu ya mkoba wangu kando ya barabara nikafungua kitambaa. Nikavilaza pamoja. Nikavigeuza, nikavilaza tena. Lori likapiga honi mara mbili, likaenda zake. Kidole kizima, Mjomba. Nilikuwa napigana na kidole.

Halafu nilikwenda dukani kweli, nikanunua chumvi, nikarudi, nikafunga geti.

Nilifanya mitungi mitatu kwa siku, asubuhi mitungi, mchana mifuniko, kama ulivyosema. Kazi ya mikono haikunishinda, hata Kimya alisimama kutazama, na mtu akitazama mimi nafinyanga vizuri zaidi, ndivyo nilivyoumbwa. Kilichonitesa ni ile rafu. Mitungi imekaa imefunikwa, haisemi kitu, nami sijui ndani yake kuna nini. Nilifagia karakana mpaka sakafu ikachoka. Nilipaka chokaa ukuta ambao hakuna aliyeniomba. Siku moja nilinyoosha mkono, mfuniko nimeushika, na Kimya akafungua kinywa chake kwa mara ya kwanza. Akasema, "Acha." Nikauacha, ila nilikuwa nimechelewa, huo ulipinda.

Nilikuwa nimefinyanga arobaini na miwili, maana najijua.

Tanuru lilipofunguliwa Mama Tanuru akaanza tena mchezo wake. Anainua, anaweka, anauzungusha. Wa kumi na moja nilifumba macho. Akaendelea. Alikwenda mpaka wa mwisho, akapangusa mikono, akaniambia lile dirisha la kwenye gurudumu linapitisha upepo, nitafute kitambaa cha kuziba, kwa sababu msimu wa baridi nitauona hapohapo.

Mmoja umebaki. Ndio huu. Nimeufunga kwa kamba na majani makavu, mtikise msitikise, mfuniko hauondoki. Ndani mtakuta nilichoagizwa. Samahani kwa kuchelewa, dukani kulikuwa na foleni.

Mpwa wenu


11 Juni

Mpwa,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo nao haujambo leo.

Mzigo ulinyeshewa njiani, majani yamefika yameloa. Chumvi imefika kavu.

Mfuniko nimeuzungusha, haugongi popote. Kishikio ni kinene kama pua yako, na kitako ungekipunguza kidogo. Mkaza mjomba wako anasema nisikufiche kwamba tangu jana nimeufunua na kuufunika mara saba, nikisingizia ukaguzi. Mtungi hauko rafuni pamoja na mingine. Uko jikoni, karibu na moto, mahali pa chumvi.

Yeye naye anatia nyingi kwenye mboga sasa, makusudi. Kwa anavyotia, haitafika mwisho wa mwezi wa nane. Ikiisha, sisi hatuendi dukani.

Mjomba wako