Leo Nimevuka Daraja la Reli

Jumamosi. Baridi ya kwanza ya vuli, jua lipo ila halina joto. Mapaja yananiuma na nina furaha ya kitoto.

Nimevuka daraja.

Magharibi ya Minneapolis, huku Marekani, mashamba ya mahindi yanapoanzia, kuna njia ya reli iliyokufa. Vyuma viling'olewa zamani, ikabaki njia ya changarawe iliyonyooka, na watu hupanda farasi humo. Binti yangu Neema, miaka kumi na minne, alianza kujifunza kabla yangu. Mimi nilijiunga ili tupate saa mbili pamoja, maana wiki nzima nashinda kwenye nyumba ya wazee nikigeuza wagonjwa vitandani.

Lakini kila Jumamosi aliniacha darajani. Ni daraja la zamani la treni, mbao juu ya kijito, na farasi wangu Biskuti akilifikia anagoma. Akigoma, nasonya. Kwetu Dodoma hata mlango ukikwama tunausonya. Bahati mbaya, farasi wa huku wamefundishwa kwamba sauti ya namna hiyo ni amri ya kuongeza mwendo. Mwezi uliopita nilimsonya alipokuwa anageuka, akatimua mbio, nikaishia kwenye magugu. Mwalimu wetu Karen akasema nisipovuka kabla ya theluji, narudi kuzunguka uani na wanaoanza.

Nina miaka arobaini na sita. Wanaoanza wana miaka saba.

Leo Neema alivuka, akasimama ng'ambo kunisubiri. Anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza tu. Leo akasema, “Mama, please, usisonye.”

Biskuti akagoma. Msonyo ukanijia hadi kwenye meno. Nikauma midomo, nikalegeza hatamu, nikamsubiri kama ninavyomsubiri bibi mgonjwa anayeogopa kushuka kitandani. Kazi hiyo naijua, sema sikujua inafaa na huku. Biskuti akanusa ubao. Akaweka mguu mmoja, halafu wa pili, na mbao zikaanza kugonga chini yetu hadi mwisho.

Nilijivunia mpaka machozi yakanitoka, na sioni aibu kuliandika hilo.

Mbele yetu njia ilikuwa tupu, imenyooka. Neema akaniuliza kama nimechoka, turudi. Nikamtazama mwanangu, nikakaa sawa kwenye tandiko.

Nikasonya kwa nguvu zangu zote.