Mpira Ndani ya Kiatu cha Ostrander

Kenton Falls, Ohio
Jumamosi, 19 Julai 1975

Kaka yangu mpendwa Emil,

Salamu zikufikie wewe, shemeji Dorothea na wote waliomo humo nyumbani. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba mvua imewaachia nafasi ya kukata majani ya ng'ombe kwa mara ya pili kabla hayajaoza shambani. Maandazi ya plamu aliyonitumia shemeji yalifika yamepondeka yote. Niliyala hivyo hivyo kwa kijiko, na bado yalikuwa matamu kuliko chochote kinachopikwa katika mji huu. Ukiniuliza hali yangu, mwili ni mzima, ila roho imechafuka. Leo ni siku ya sita nina hasira, na kila nikidhani imekwisha naikuta asubuhi ikinisubiri kwenye kioo cha kunyolea.

Kama ulivyosoma gazetini, tulifika mapumziko ya katikati ya msimu wa besiboli tukiwa nafasi ya pili, michezo miwili nyuma ya wanaoongoza. Si haba kwa timu ambayo mwezi Aprili watu walikuwa wanaicheka. Na iliyotufikisha hapo ni zamu niliyoipanga mimi. Enzi zenu warushaji wa kuanza mechi walikuwa wanne, wakipokezana mpaka mtu anakwisha. Mimi tangu mwanzo wa msimu nimekwenda na watano. Anaanza mechi huyu leo, kesho yule, na kila mmoja anapata siku nne kamili za kuupumzisha mkono kabla zamu yake haijamrudia. Kazi ya kocha wa warushaji ni hiyo tu, kaka: kuhesabu siku, na kutomruhusu mtu yeyote kuziiba.

Sasa huyu meneja wetu, Gus Mahaffey, aliniita ofisini Jumatatu, siku ya kwanza ya mapumziko, akanionyesha karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Niliposoma nilidhani ananitania. Watu watano wamekuwa watatu. Wa kwanza ni Curtis Tolliver, na jina lake limerudi kila baada ya siku tatu mpaka mwisho wa mwezi, Alhamisi, Jumatatu, Ijumaa, kama dawa ya kikohozi. Curtis ndiye yule kijana wa Georgia niliyekuandikia habari zake, ana miaka ishirini na miwili na anarusha mpira ambao wapigaji wanausikia zaidi kuliko wanavyouona. Jumapili iliyopita, jana yake tu, alikuwa amerusha raundi kumi katika jua la kupasua mawe. Nilihesabu mipira mia moja hamsini na mmoja.

Nilimwambia Mahaffey kwamba mtu aliyerusha hivyo Jumapili hawezi kuanza Alhamisi. Akanijibu kwamba hizo si siku za kawaida, ni mapumziko, timu nzima inalala siku tatu, sasa kijana atachoka na nini? Hapo ndipo damu iliponipanda. Mwanamume mwenye miaka thelathini katika mchezo huu anahesabu likizo ya timu kana kwamba ni likizo ya mkono. Mkono haujui kalenda ya ligi. Siku tatu ni siku tatu, iwe watu wako uwanjani au wako ziwani wanavua samaki. Nilimweleza hayo kwa upole, halafu kwa ukali, halafu kwa kugonga meza. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Alisema mashabiki watakaa siku tatu bila mechi na wanataka kumwona Curtis wakirudi, na kwamba mtu anayeanza baada ya mapumziko ndiye uso wa timu.

Jumanne nilimchukua Curtis pembeni arushe mipira ishirini ya kunyoosha mkono, kama desturi. Mdakaji wetu alikuwa amekwenda kwao, kwa hiyo nilivaa glavu nikachuchumaa mwenyewe kuipokea, na magoti yangu yakalia kama mlango wa ghala. Mpira wa nne ulinifikia bila uzito. Unaelewa ninachosema. Mwendo ulikuwa ule ule, mtu aliyesimama kando asingeona kitu, lakini kiganja kilipokea mpira mtupu, kama ganda la yai. Wa tano pia, na wa sita. Nikasimama nikamwambia inatosha. Nilimuuliza kiwiko kikoje, akasema hana shida yoyote, amelala vibaya tu.

Jumatano nilimkuta mgahawani akinywa kahawa kwa mkono wa kushoto. Akakata nyama kwa kushoto, akalipa kwa kushoto, akamwaga chumvi kwa kushoto, na mtu huyu ni wa kulia tangu kuzaliwa. Nilipomtazama sana alicheka, akasema anajifunza kutumia mikono yote miwili ili mkewe asimlaumu wakipata mtoto. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilirudi kwa Mahaffey nikamweleza. Akasema kijana hajalalamika, na asiyelalamika haumwi.

Hapa kwetu, kaka, hatumtangazii mtu kwamba leo ni zamu yake. Kule kaskazini tulikocheza sisi hatukuwa na desturi hiyo. Asubuhi ya mechi, kabla wachezaji hawajafika, kocha wa warushaji anaingia chumba cha kuvalia na kuweka mpira mpya ndani ya kiatu cha atakayeanza. Mtu anafika, anaukuta mpira kiatuni, hasemi neno, na wenzake wanamwacha peke yake mpaka mechi ianze. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wazima wakiingia humo ndani macho yao yakitangulia kwenye kiatu kabla hata hawajavua kofia. Alhamisi nilipewa mpira nikauweke katika kiatu cha Curtis. Niliuweka katika kiatu cha Denny Ostrander, mrushaji wetu wa tano, ambaye Mahaffey alikuwa amemfuta kabisa kwenye karatasi yake.

Wachezaji wakafika. Ostrander aliutazama ule mpira kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Curtis aliingiza mkono katika kiatu chake, akakipindua, akakitikisa, halafu akakiweka chini polepole. Mahaffey alitoka ofisini akaniuliza mbele ya wote nimefanya nini, nami nikajibu nimeweka mpira panapostahili. Akaniuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini, na namshukuru kwa kuliuliza, kwa sababu nimelisubiri kwa miaka ishirini na minne.

"Lowell, wewe ndiye uliyemdaka. Mkono wake ukoje?"

Nikasema, "Mbovu. Ukimrushisha leo utamrudisha kwao akiwa kilema."

Wakamwita daktari wa timu, akabonyeza kiwiko huku na huku, na Curtis akacheka muda wote akisema anatekenywa. Daktari akasema haoni uvimbe. Lakini neno lilikuwa limeshatamkwa mbele ya watu ishirini na watano, na Mahaffey hakuthubutu. Ostrander akaanza, akapigwa kama ngoma, tukafungwa tisa kwa mbili. Mashabiki walitupa vikombe uwanjani. Baada ya mechi Mahaffey aliniambia nitamaliza mwezi huu, kisha nitafute pengine. Akaongeza kwamba Curtis ataanza Jumapili, yaani kesho, nipende nisipende.

Hilo la kufukuzwa lilinichoma, sitakuficha. Lakini lililoninyima usingizi ni Curtis. Alinifuata mpaka kwenye gari, akanijia juu mbele ya wauza karanga na wake za wachezaji. Alisema baba yake alikuwa amefunga duka lake huko Georgia siku nzima ili asikilize redioni mwanawe akianza kama mtu wa kwanza wa timu. Alisema nimemwaibisha, nimemwita mgonjwa mbele ya watu na sasa kila timu kubwa itasikia.

"Nani alikuomba, Kocha? Kiwiko changu, maumivu yangu, wewe umeyajulia wapi?"

Niliwasha gari nikaondoka. Jibu lake ni wewe.

Sasa kaa chini, Emil, kama umesimama. Hili nililopaswa kukuambia mwaka 1951 naliandika leo. Mwezi uliopita uliniletea habari kwamba Skoglund amefariki, ukasema hukwenda kumzika na hutamwombea, kwa kuwa ndiye meneja aliyekuua mkono kwa kukurushisha fainali ukiwa na siku mbili tu za kupumzika. Nilisoma nikakunja barua. Kila Krismasi nimekusikia ukimlaani mezani, na kila Krismasi nimekupitishia viazi nikanyamaza.

Skoglund hakukuua mkono. Asubuhi ya ile fainali alikuja kwangu nyuma ya benchi. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa mdakaji wako, na unakumbuka nilikuwa nadaka siku zako tu. Akirusha mwingine yeyote aliwekwa yule mzee Bauer. Skoglund aliniuliza mkono wa kaka yangu ukoje. Alisema nikimwambia haufai atamwanzisha mtu mwingine, na hakuna atakayelaumiwa. Nami nilikuwa nimekudaka jana yake, Emil. Mipira yako ilinifikia mitupu, kila mmoja. Kiganja changu kilijua kabla wewe hujajua. Lakini kwenye viti alikuwepo mtu aliyetumwa na timu kubwa, na alikuwa amekuja kunitazama mimi. Usingerusha wewe, mimi ningekaa benchi na yeye angeondoka.

Nilimwambia Skoglund uko sawa kabisa.

Raundi ya sita kiwiko kikaenda. Nilikisikia, kaka, nikiwa nimechuchumaa futi sitini mbali nawe. Nilikubebea glavu mpaka kwenye lori la baba, na baada ya wiki moja nikatia saini mkataba. Yote niliyoyapata tangu hapo, kila mji, kila mshahara, hata kazi hii ninayoipoteza sasa, imetoka katika yale maneno matatu. Na wewe mpaka leo unainua ndoo ya maziwa kwa mkono wa kushoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulikuwa ukimtafuta adui mbali, nami nilikuwa nimeketi mezani kwako nikila maandazi ya mkeo.

Nina hasira na wewe pia, usishangae. Miaka yote hii hukuniuliza hata mara moja. Ulinipenda bila kunishuku, na hilo limeniadhibu kuliko vile ungenipiga. Watu husema yaliyopita si ndwele. Hii ni ndwele, nami nimetembea nayo kutoka mji hadi mji.

Utajiuliza kwa nini leo. Si kwamba nimekuwa mtu mwema. Asubuhi hii Curtis amekuja chumbani kwangu kuendeleza ugomvi, akiwa bado na moto ule ule, na nikaona hakuna njia nyingine ya kumzuia asirushe kesho. Nikampa jibu la swali lake. Nilimweleza habari yako yote, kiganja, Skoglund, ndoo ya maziwa. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Nilipomaliza nilidhani atasema kitu kuhusu kiwiko chake. Akaniuliza kaka yangu alisemaje nilipomwambia.

Nikamjibu sijamwambia.

Akakaa kitandani, akanitazama kwa dharau ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu wa umri wake.

"Kwa hiyo unataka mimi niseme ukweli, wewe umeshindwa miaka ishirini na minne," akasema. "Sikiliza, Kocha. Mwandikie. Ukimwandikia leo nikaona kwa macho yangu, nami nitakwenda kumwambia daktari huu mkono umekufa ganzi tangu Juni. Usipomwandikia, kesho narusha."

Tangu Juni, Emil. Mimi nilidhani ni siku nne.

Nilimfokea. Nilimwambia hana adabu, kwamba haya ni mambo ya ndugu wawili na hayamhusu. Alinyoosha mkono wa kushoto akasukuma kalamu hii mezani mpaka ikanifikia.

Basi nimeandika. Nimemkasirikia kwa kunilazimisha, nimejikasirikia kwa kuhitaji kulazimishwa. Sikuombi msamaha katika karatasi hii, kwa sababu karatasi haiwezi kuupokea usoni. Mwezi wa nane nitakuwa sina kazi, nami nitakuja huko. Ukiwa hutaki nifike mlangoni, mwambie shemeji aniandikie mstari mmoja, nitaelewa. Ukitaka kunipiga, nitasimama. Curtis bado yuko hapa kitandani, mkono wa kulia ameulaza juu ya mto wangu, anasubiri nibandike stempu ili tuende posta kwanza, halafu kwa daktari.

Msalimie shemeji Dorothea, umwambie maandazi yalifika. Wasalimie watoto wako wote na wakwe zao. Mungu awape hali ya hewa nzuri mpaka majani yaingie ghalani.

Ni mimi, mdogo wako na mdakaji wako,

Lowell Hruska