Sindano Imekatikia Kwenye Mfuniko wa Tangi

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Hujambo? Unakula? Kifua kimeachia? Sisi tupo. Bibi yako yupo, macho yamepungua lakini mdomo mzima. Mdogo wako yupo, na hasira zake zile zile. Mimi nipo, presha inapanda na kushuka. Baba yako nimemweka mwisho maana habari yake ndiyo barua yenyewe. Simu yako tumepiga wiki nzima haipatikani.

Kidonda cha mguu hakijafunga. Daktari anataka kisafishwe kila Jumatatu na Alhamisi, na amesema tukiendelea kukosa, mguu utakatwa chini ya goti. Tumeshakosa mara tatu, na sababu ni ile pikipiki uliyotuachia, ambayo mdogo wako humpakia baba yako.

Inawaka vizuri, inatoka vizuri, ikifika kwenye kilima cha kiwanda cha mbao inakohoa na kuzima. Kila siku hapo hapo. Wakikaa sana inawaka, inajikokota kidogo, inazima tena, mpaka wanarudi. Baba yako anasema imezeeka kama yeye, inataka kupumzika. Anacheka, mwanangu, huku jasho linamtoka.

Fundi Subiri, unamjua, ukimuuliza lolote jibu lake subiri, amebadilisha plagi, amesafisha kabureta, ameshika kila waya. Sasa anasema injini imekufa. Mdogo wako akamuuliza, "Fundi, maiti gani hii inayowaka kila asubuhi?" Wamekosana.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Wakati unaondoka ulisema, mama, maji yasiingie kwenye petroli. Mvua zilipoanza nikaona mfuniko wa tangi una kitundu, chembamba kabisa. Nikasema hapa ndipo yatakapopita. Nikakiziba kwa nta ya mshumaa, nikapangusa hata haionekani. Nilidhani nalinda mali yako.

Alhamisi walipozimikiwa, mdogo wako alifungua mfuniko aone kama petroli ipo. Baba yako anasema tangi lilivuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyebanwa pua, na pikipiki ikawaka kwa kiki moja. Wao hawakufikiri kitu. Mimi nikajua ni nta yangu iliyolibana.

Jana nikajifungia nayo uani, nikachukua sindano ya kushonea nizibue. Ikakatikia humo humo. Nimerudisha mfuniko kimya kimya kama mwizi. Mdogo wako ameapa kwamba aliyeichezea pikipiki hii hatamsamehe, na mimi ndiye. Lakini leo nitawaambia wote wawili, wanichukie wakitaka. Aibu yangu haizidi mguu wa baba yako.

Kesho Jumatatu tutaikosa tena, jibu lako halitakuwa limefika. Ninachokuuliza ni kimoja. Alhamisi wakienda wamelegeza mfuniko ili tangi lipumue, petroli haitawamwagikia ikashika moto? Baba yako hawezi kuruka, mwanangu. Fundi namwogopa, ataniambia nisubiri.

Bibi yako anakusalimu, baba yako anakusalimu, mdogo wako pia ingawa hajasema. Mungu akufunike kila uendako.

Dereva wa lori la saruji aliyekupa barua hii anageuza Jumatano. Mpe jibu mkononi, hata neno moja kwenye kipande cha karatasi, walegeze au wasilegeze. Nitakuwa barabarani namngoja tangu asubuhi.

Ni mimi nikupendaye, niliyekukosea,
Mama yako.