Hatibu Hawezi

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo wamekuja watafiti kutoka chuo cha mjini. Utafiti wa watu wenye ulemavu wa akili. Aliyeuliza ni binti mmoja, Brenda, na kishikwambi chake. Maswali yote kwangu! Hatibu mdogo wangu, miaka ishirini na tatu, kakaa hapo hapo kama hayupo. Anajua kuoga? Anajua kuvaa? Mbele yake! Astaghfirullah.

Jirani yangu Maimuna alishaninong'oneza: ukiona fomu, sema hawezi chochote. Ukisema anaweza, jina linakatwa kwenye msaada. Basi nikajibu hawezi, hawezi, mpaka maswali yakaisha.

Ijumaa, 27 Juni

Nimechemka! Mwenyekiti wa kitongoji kaleta majina. Vijana sita wa hapa Kinole wenye ulemavu kama wa Hatibu wanakwenda Mwembesongo, kule mjini, kujifunza useremala. Hatibu hayumo. Eti utafiti umeonyesha hafundishiki.

Hafundishiki! Mdalasini wa msimu uliopita kamenya nani? Banda la kuku kapigilia nani misumari? Na anapenda mbao huyu, jamani, ataokota hata kipande cha sanduku bovu. Kaniuliza mara tatu, dada, na mimi lini? Nikamkaripia bure, maskini. Jumatatu nashuka mjini. Watanikoma watafiti wale.

Jumatatu, 30 Juni

Nimewasema! Mpaka mlinzi kachungulia dirishani. Mnampima mtu bila kumsemesha yeye mwenyewe, usomi gani huo? Brenda hakubisha. Alisema shikamoo dada, kaa kwanza, hapo tulikosea kweli. Kisha akafungua majibu, akanisomea.

Kutumia nyundo — hawezi. Kufuata maelekezo — hawezi. Kwenda dukani peke yake — hawezi. Aliyejibu: Mwanaheri, dada yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema nilidhani ni fomu za msaada, mngetueleza! Akasema siku ile alieleza kwamba si za msaada. Ni kweli alieleza, na mimi nilikuwa namsikiliza Maimuna. Lakini bado nina hasira nao. Binti mzima na digrii yake, anaona kijana ana gamba la mdalasini kwenye kucha, anaandika hawezi kwa sababu mimi nimesema!

Imebaki nafasi moja. Atakuja Alhamisi kumwuliza mwenyewe. Hatibu akishindwa safari hii, basi tena.

Alhamisi, 3 Julai

Brenda yuko barazani na Hatibu sasa hivi. Mimi nimo jikoni, naandika juu ya gunia la pilipili manga.

Alimwuliza vizuri tu: Hatibu, wewe unataka kwenda kujifunza useremala? Hatibu akanigeukia mimi. Nikamwambia jibu wewe. Akaulizwa tena, akanigeukia tena. Dada, niseme nini?

Miaka yote hii nimemjibia mimi! Kwa mwalimu, kwa daktari, kwa shehe, hata kwa wageni wakimwuliza jina.

Brenda kaniomba niingie ndani kidogo. Nimeingia. Namsikia anauliza mara ya tatu, polepole. Halafu namsikia Hatibu anaita — dada!

Nimeuma kanga. Siitiki.