Nilimpigia Marehemu Wimbo wa Harusi

Jumatatu. Rasharasha tangu alfajiri, mlima Menengai umejifunika wingu mpaka chini. Sijafungua karakana. Kwa miaka kumi na minne ya kugonga mabati hapa Rhonda, hii ni siku ya tatu kufunga bila kuugua wala kuzika mtu.

Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Jana nilimwaibisha mwalimu wangu mbele ya familia yake yote.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Miaka sita iliyopita mama mmoja aliingia karakana akiwa na picha mkononi. Mwalimu Setsuko, anafundisha ushonaji katika chuo kimoja hapa mjini. Ukimwita Mjapani anakurekebisha polepole: yeye ni wa Okinawa, visiwa vya kusini kule, wana lugha yao na muziki wao. Kwenye picha kulikuwa na sanshin, chombo chao cha nyuzi tatu. Ya kawaida huwambwa ngozi ya chatu. Hii ilikuwa ya mkebe. Akanieleza kwamba baada ya vita watu wao walikaa kambini bila kitu, wakachukua mikebe mitupu, mbao za vitanda na nyuzi za parachuti, wakaunda za kupiga.

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mimi pia nimelala kwenye hema, mwaka ule wa fujo za uchaguzi, tulipotoka Molo na blanketi mbili na nyundo ya baba. Nyundo hiyo ndiyo imenijenga, si mtu.

Nikamtengenezea nne za kwanza kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, nyuzi zikiwa za wavuvi wa Naivasha. Ya tano nikajitengenezea, nikaanza kwenda kwake kujifunza kila Jumamosi.

Muziki wao huandikwa kwa alama ndani ya vijisanduku. Kila alama ni mahali pa kuweka kidole. Mimi si mtu wa lugha, mimi ni mtu wa hesabu, kwa hivyo kila alama nikaipa namba. Wenzangu wakihangaika na maneno, mimi kwa wiki mbili tayari nilikuwa napiga. Leo nina nyimbo thelathini na moja daftarini, namba tupu; hata jina la wimbo ni namba. Sikosei pigo. Nilijivuna, sitaficha. Mwalimu anarudi kwao Desemba, na alikuwa ameniambia lile darasa la Jumamosi, watu tisa, ataniachia mimi.

Halafu mama yake akafariki, akiwa na miaka tisini na miwili. Tiketi ya ndege haikupatikana, wakamuaga bila yeye.

Kwao siku ya saba ni ya kumkumbuka marehemu. Ndiyo maana jana tulikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Section 58, mimi na Wanjiru, mwanafunzi mwenzangu. Picha ya mama mezani, machungwa matatu, ubani mweusi bapa kama biskuti. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Saa nane mchana kwetu, saa mbili usiku kwao, jamaa zake kumi na wawili wamebanana kwenye kioo.

"Fundi, chagua wewe," Mwalimu akasema. "Wimbo wa kumsindikiza mama."

Nikachagua namba nne. Ndio wa polepole kuliko zote, na huku kwetu mwendo kama huo ni wa kaburini. Hesabu ilikuwa wazi.

Tukaanza pamoja, mstari wa pili Wanjiru akaacha kupiga. Nikadhani amepotea. Nikapiga kwa nguvu zaidi ili nimbebe.

Kwenye simu mzee mmoja, kaka mkubwa wa Mwalimu, akainuka akaondoka. Mwanamke mmoja akajifunika mdomo. Nikasema moyoni, ona, wimbo umewaingia. Nikamaliza yote, nikainamisha kichwa kama mchungaji.

Mwalimu akasema asante, akamimina chai. Nyingine ilimwagikia sahani.

Langoni Wanjiru akanivuta koti. "Boss, ile ni ya kufungulia harusi."

"Wacha mchezo."

"Ya harusi, ya mzee akisherehekewa umri, ya nyumba mpya. Maneno yote ni shangwe. Fundi, umempongeza mtu kwa kufiwa!"

Njia nzima nilikasirika. Mwalimu gani anafundisha miaka sita bila kusema wimbo ni wa nini?

Lakini alisema.

Kila Jumamosi, kabla ya kila wimbo, alieleza. Huo ndio wakati niliokuwa nakaza nyuzi na kuandika namba, nikisubiri amalize hadithi tuanze kazi.

Leo saa nne nikaenda kuomba msamaha. Akanikaribisha ndani. "Mama angecheka sana," akasema. "Kaka hacheki." Darasa atamwachia Wanjiru. Nikamuuliza kama vidole vyangu havitoshi.

"Vidole vyako vimeshinda vyangu. Lakini mwanafunzi akikuuliza wimbo huu ni wa nini, utamwambia ni namba nne?"

Inauma. Sanshin zote tisa za darasa lile zimetoka kwa mikono yangu. Na bado, ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo. Siwezi kumwachia karakana mtu anayepima sawasawa na hajui anaunda nini.

Nilipokuwa natoka nikamuuliza mama yake alipenda upi. Akauimba kidogo, amesimama mlangoni. Naujua. Ni namba ishirini na mbili, na safari hii nikamsikiliza akieleza: mtoto aliye mbali anamwomba mama yake asife kabla hajarudi. Kwa sababu mwendo wake ni wa mbio, mimi nimeupiga kwenye sherehe za chuo na watu wakikata keki, nikikonyeza, watu wakiruka. Mwalimu alikuwa amekaa pale kila mara, anatupigia makofi.

Jumamosi nitaenda, na nitamwita Wanjiru mwalimu. Sijui kama sauti itatoka.