Diski Zangu Kwenye Mtama wa Mama

Jumatatu, 16 Julai 2007

Jalada la video limetoka, jaribio la nne, maana printa ilikuwa inawapaka akina mama rangi ya kijani. Sasa wanaonekana watu. Jumapili ndiyo siku! Kwaya ya akina mama wa Bungoma wanazindua video yao, na video ni mkono wangu. Nimeipiga mwenyewe, nimeihariri mwenyewe, hapa Matisi, Kitale, chumba kimoja, bila bosi. Kesho naanza kuchoma nakala za kuuza. Siwezi kukaa chini.

Nakala ya akiba iko Kimilili kwa Mama tangu wiki jana. Ndiyo sheria yangu tangu wezi waingie kwenye ploti: kazi moja, nyumba mbili. Kila wimbo na diski yake, kila diski na bahasha yake, zote kwenye katoni chini ya kitanda chake. Wenye studio kubwa mjini wananicheka. Wacheke.

Jumanne, 17 Julai

Stima ilipotea asubuhi. Ikarudi na hasira. Pah! Harufu ya plastiki chumba kizima. Fundi amefungua kompyuta, akanusa, akatikisa kichwa. "Diski ya ndani imeenda, dada. Pole." Na kanda za kamera nilisharekodia harusi ya Endebess juu yake. Kwa hivyo hapa Kitale sina kitu.

Lakini Kimilili nina kila kitu! Nimecheka mpaka fundi akarudi nyuma hatua moja. Akili ninayo, jamani. Kesho alfajiri naondoka.

Jumatano, 18 Julai

Sina akili.

Katoni ipo. Bahasha zipo, zimepangwa vizuri. Ndani ya bahasha, hewa. Nimetoka mbio nyuma ya nyumba nikaona shamba linametameta. Wele wange, Mungu wangu! Kazi yangu yote inaning'inia kwenye mtama, kwa uzi wa katani, inazunguka na upepo kufukuza ndege.

Na Mama anajivunia. "Si mwaka jana uliniletea? Mwaka huu nikaona nisikusumbue, nikazichukua mwenyewe." Ni kweli. Mwaka jana nilimletea zilizoharibika, za kutishia ndege. Naye akadhani hizi pia ni mzigo wa msimu. Nimelia. Nikacheka. Nikalia tena. Alipoelewa aliingia jikoni. Alichukua kisu, akaanza kukata nyuzi mwenyewe.

"Beba zote. Ndege ni majirani zangu, tutaelewana."

Uzi umepita kwenye tundu la katikati. Hakupiga msumari hata mmoja. Asante Mungu kwa lile tundu.

Alhamisi, 19 Julai

Bungoma, kwa rafiki yangu Wafula mwenye saiba, duka la intaneti. Ananiachia kompyuta yake moja mpaka Jumapili. Tumeziosha diski kwa sabuni, tukapangusa kwa fulana kuukuu, kutoka katikati kwenda nje. Penye mikwaruzo, dawa ya meno. Kisha moja moja kwenye mashine. Inasoma! Nyingine. Inasoma! Wafula anaruka kwenye kiti. "Imeoga kinyesi cha ndege, bana, na bado inaimba!"

Halafu moja haipo. Ule wimbo wenyewe, uliobeba jina la video, uliochapwa kwenye jalada kwa herufi kubwa. Bila huo hakuna uzinduzi. Nimepiga simu kwa jirani, jirani akampa Mama. Ati moja alimpa kijana wa bodaboda aliyemletea gunia la mbolea. Aliitaka kwa sababu inang'aa.

Ijumaa, 20 Julai

Leo nimekimbia kama mwizi. Stendi ya bodaboda Kimilili, na kila baiskeli ina diski imefungwa kwenye madigadi ya nyuma. Kila baiskeli! Nimezunguka nikiinama nyuma ya kila moja, vijana wanacheka. Mwishowe amefika Barasa, wenzake wakaninyooshea kidole: ndiye mbeba mbolea.

"Hii ni reflekta yangu, madam." Nikampa mbili zilizoharibika za Wafula kwa moja. Akafungua nati polepole, akauliza ina nini. Nikamwambia ina kwaya nzima ya akina mama wakiimba.

"Ati nimewabeba wote? Na vile mlima ulinitoa jasho!"

Sikupitia nyumbani kwa Mama. Moja kwa moja Bungoma. Mashine ilikoroma, ikanyamaza, Wafula akaomba kwa sauti. Dawa ya meno tena. Kisha zile sauti zikatoka, zote, saibani kote, na watu waliokuwa wanaandika barua pepe wakageuka. Nimepiga nduru. Sijali.

Jumapili, 22 Julai

Nakala zimeisha! Zimeisha kabla mchungaji hajamaliza kuomba! Vigelegele, vumbi, akina mama wanajiona kwenye skrini na kukimbia kujificha nyuma ya wenzao. Watu wa harusi mbili wameniuliza tarehe. Jina langu limetajwa kwenye kipaza sauti.

Mama hakuja. Nilimwekea kiti mbele na nikakilinda. Kimilili si Ulaya. Nimeudhika sana.

Jumanne, 24 Julai

Kimilili. Nilikuja nimejaza maneno mdomoni.

Nimemkuta kwenye mtama, ana debe na kijiti, anafukuza ndege. Yuko hapo tangu Jumatano, mchana kutwa. Upande wa mtoni ndege wamemaliza, mabua yamesimama na vichwa vitupu. Sauti imemkauka kwa kuwafokea. "Hawajui Jumapili," ameninong'oneza. Nimeutua mfuko wangu chini.

Nilikuwa nimebeba zilizoharibika, mfuko mzima. Tumezitundika pamoja. Kila moja aliishika kwanza, akauliza kama haina watu ndani. Haina, Mama. Ndipo akafunga.

Kisha nimempokonya debe. Amekaa chini ya ukuta, amefumba macho. Nimelipiga mpaka jioni.