Mdomo wa Mjane

Kwa mkono wa Wahabi wa lori
Tororo
Juni, 1965

Kaka yangu Rasto,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Nakusalimu wewe, namsalimu wifi Anjeline na watoto, na mama namsalimu mara mbili kwa ajili ya miguu yake. Je, bado inavimba asubuhi? Mwambieni asiisugue kwa mafuta ya taa, dawa hiyo ya jirani yenu itamchubua ngozi bure. Huku wanangu Omoding na Nanjala hawajambo, mvua imenyesha vizuri, na ulezi unakaribia kuiva. Mimi mwenyewe mwili hauna homa. Zaidi ya hapo sitadanganya, kwa maana barua hii si ya kudanganyana.

Usiniulize kwa nini nakuandikia wakati kutoka Tororo mpaka Busia ni safari ya asubuhi moja. Kuja nimekuja, na unajua. Nilikuja baada ya matanga, nikaja tena watu wakipanda ulezi. Safari zote mbili wifi alinipa chai akaniambia umekwenda ziwani kufuata samaki, na baiskeli yako imeegemea ukuta pale pale. Wifi hajui kusema uongo, maskini. Alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Nikanywa, nikashukuru, nikarudi zangu.

Ngoja nikukumbushe jambo lenyewe, pengine samaki wamekusahaulisha. Tangu tumzike Ekaju wangu, ndugu yake Edeku anataka kunirithi. Nikikubali nakuwa mke wake wa tatu. Nikikataa narudi kwetu mikono mitupu, na watoto wanabaki kwake, kwa kuwa watoto ni wa ukoo. Edeku unamjua, samaki wako wote ni yeye anayewauza huku, na unajua mkono wake ulivyo mwepesi. Mke wake mkubwa siku hizi anatafunia upande mmoja tu wa mdomo. Tayari ameshasema Omoding aache shule akachunge ng'ombe, na hapo hajawa baba yake. Mimi naomba kitu kimoja tu. Nibaki katika nyumba aliyonijengea mume wangu, nilime, nilee wanangu, bila mwanamume juu yangu. Anayeamua hilo ni kikao cha ukoo, na katika kikao cha ukoo huu mjane hana mdomo. Mdomo wake ni kaka yake.

Nilipoona chai ya wifi haina mwisho, nilikwenda kwa Mzee Ikwap, mkubwa wa ukoo, nikamuuliza kaka asipokuja inakuwaje. Akaniambia zamani mjane wa namna hiyo aliruhusiwa kusimama mwenyewe, mara moja, na kusema shida yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini akikatikia njiani, akinyamaza au akilia kabla hajamaliza, inahesabiwa kwamba amekubali. Wanawake wengi, alisema, walikatikia njiani. Alinionea huruma, nilimwona usoni.

Sasa unanijua mimi. Jikoni mdomo wangu hauna kufuli, hata marehemu alikuwa ananiambia nibakize maneno ya kesho. Lakini mbele ya watu koo langu linajifunga kabisa. Siku ya ndoa yangu padri aliuliza mpaka akachoka, ukanifinya wewe ndipo nikasema ndiyo. Nilitoka kwa Mzee Ikwap najiona tayari niko jikoni kwa Edeku. Nilikaa kando ya njia nikalia bila aibu, wapita njia wakanipa pole wakidhani nalilia mume.

Aliyeniokota ni Goretti, jirani yangu, yule anayepima watoto pale zahanati. Aliniambia kuna Klabu ya Kusema, inakutana Jumamosi alasiri kwenye ukumbi ulio karibu na stesheni ya reli. Nikamwuliza ni mtu gani mzima anakwenda kujifunza kusema kama mtoto anayeota meno. Akasema ni watu kama mimi. Hata yeye alijiunga kwa sababu kila akitakiwa kuwafundisha akina mama usafi alikuwa anaharisha. Nikaona kama ni ugonjwa, basi na dawa ipo.

Mwenyekiti wa klabu ni Mzee Nasifu, Mwislamu mmoja mwenye kofia safi sana, aliyekuwa mkalimani wa mahakama mpaka akastaafu. Kazi yake yote ilikuwa kuyasema maneno ya watu wengine, akachoka kuona watu wanashindwa kesi zao kwa woga tu. Sheria zake ni chache. Unasimama kwenye mkeka, mikono mitupu, unaokota mada kutoka kwenye kofia, unasema. Anayekucheka kabla hujamaliza, anasimama yeye baada yako. Ukimaliza unapigiwa makofi hata kama umeharibu.

Na mimi niliharibu, Rasto. Niliokota mada ya baiskeli na garimoshi, kipi kinamfaa zaidi mtu wa Tororo. Nikasimama. Nikaona macho yote yale, nikasema baiskeli ina magurudumu mawili, nikakaa. Wakanipigia makofi. Okochi, taniboi wa lori la Wahabi, akaniinamia akaninong'oneza, "Lakini wee mama umesema kweli, mimi nahesabu kila siku, iko mawili." Nilitaka kumtia kofi, nikajikuta nacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Mzee Nasifu aliniambia alivyoona mahakamani, wanaoshindwa ni wale wanaoanza na samahani. Akanikataza neno hilo kabisa, na Goretti akawa ananikanyaga mguu nikilitaja. Mzee akanifundisha nisiwatazame watu wote, nimtafute mmoja ambaye nataka anisikie, niseme naye kama ninayemwomba moto wa kuwashia jiko. Akanifundisha kupumua kabla ya neno zito badala ya kulikimbilia. Nikawa nafanya mazoezi njiani kwenda kisimani, natangaza habari zangu kwa mbuzi. Mama mkwe akamwambia jirani kwamba huzuni imeniharibu kichwa.

Kidogo kidogo koo likafunguka. Siku moja niliokota mada ya mvua na jua, nikaona mwenyewe naendelea tu, watu wametulia, na Okochi amesahau kufunga mdomo. Nilipokaa mikono ilikuwa mikavu. Sijui nikuelezeje furaha ile. Nilitembea mpaka nyumbani nikijisikia mrefu, nikamwambia Ekaju kaburini kwamba nyumba yake haiendi kokote.

Kikao kikafika, mwanzoni mwa mwezi huu, nyumbani kwa Mzee Ikwap. Mpaka dakika ya mwisho nilikuwa natazama njia ya kutoka Malaba, unayoipita ukija kwetu, maana moyo ni mjinga. Hukuja. Wakaniita, nikasimama. Nilisema kwa Kiteso changu cha kuolewa, kile chenye Kisamia ndani yake ambacho wanakichekaga, na hakuna aliyecheka. Nilimchagua mama mkwe, nikasema naye. Nikamwambia mwanao alinijengea nyumba kwa mikono yake. Nikamwambia watoto hawa wana sauti yake na kutembea kwake, wakikaa na mimi katika kiambo hiki utawaona kila asubuhi. Nikamwambia sikatai ukoo, nakataa kuolewa mara ya pili kwa nguvu. Nikafika mwisho. Sikulia, sikukatika, sikusema samahani. Mama mkwe alikuwa analia yeye, na wazee walikuwa wanatazama chini, na nikajua, Rasto, nikajua kabisa kwamba nimeshinda.

Ndipo Edeku akasimama bila haraka, akamwinamia Mzee Ikwap akamwambia maneno. Mzee akawaita watu wawili, wakathibitisha. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "umesema vizuri kuliko wanaume wengi waliokaa hapa. Lakini kaka yako alishakunywa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza polepole kama mtoto. Wakati wa Krismasi, na udongo wa kaburi haujakauka, ulikaa kwenye chungu cha pombe ya malwa nyumbani kwa Edeku, akakupa mrija wake kutoka kinywani mwake, ukanywa mbele ya mashahidi. Kwa ukoo huu kaka akinywa kwa mrija wa anayeposa, amesema ndiyo, na jambo hilo halitajwi mpaka siku ya kikao. Nikasema ni uongo. Kaka yangu, nilikutetea mbele ya watu wote wale. Nikasema Rasto hawezi. Wakataja shati ulilovaa, lile la michirizi ya kijani nililokushonea mimi.

Kwa hiyo siku zile nakunywa chai kwako, wewe ulikuwa umeshakunywa.

Sijui ni nini kilinipanda. Hakuna mtu aliyeniruhusu kusema tena, nilikuwa nimeshapewa zamu yangu moja. Nilipumua kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Kama Rasto ndiye aliyekunywa, basi Rasto ndiye aolewe." Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mzee Ikwap aliziba uso kwa kofia, mabega yakitikisika. Hata wake wa Edeku walicheka, na sijui walilipa nini kwa kicheko hicho jioni ile. Lakini kicheko hakirudishi malwa chunguni. Walipotulia, Edeku bado alikuwa na neno lako na mimi nilikuwa na la kwangu, na la kwako ndilo zito.

Mzee Ikwap akaahirisha kikao, na akasema ziko njia mbili tu za kuufuta mrija ule. Ya kwanza, aliyekunywa aje mwenyewe, asimame mbele ya watu wale wale, atamke kwamba anarudisha alichokunywa. Ya pili, mimi nisimame niseme sina kaka. Nikishasema hivyo, uliyekunywa ulikuwa mpita njia tu, na kinywaji cha mpita njia hakimfungi mtu. Nitabaki na nyumba na wanangu. Lakini mwanamke aliyesema hivyo hana kwao tena. Sitakanyaga kwetu. Mama akifa nitalilia barabarani, kama mgeni aliyesikia ngoma ya msiba. Na kwa miguu ile ya mama, Rasto, sote tunajua siku hiyo haiko mbali.

Nimekaa na jambo hili mpaka chakula hakipiti. Nikimtazama Omoding akisoma kwa sauti, namwona mama. Nikimfikiria mama, namwona Nanjala akiteka maji nyumbani kwa Edeku na jino limeng'oka. Sijui ninyooshe mkono upande gani. Nimekuchukia, kisha nimekuonea huruma, kwa sababu najua Edeku angekataa samaki wako na watoto wako wangelala njaa, na najua huwezi kumkatalia mtu usoni, tangu utoto wetu huwezi. Ungeniambia tu. Ungetoka nyuma ya pazia lile ulikojificha nikinywa chai, ukaniambia, dada, nimeogopa. Ningelia, ningekutukana, tukatafuta njia pamoja.

Sasa nikwambie ninalolifanya huku, maana sitaki ulisikie kwa Wahabi. Jumamosi iliyopita nilikwenda klabuni nikamwomba Mzee Nasifu nisiokote mada, ninayo yangu. Nikasimama kwenye mkeka nikajaribu kusema, mimi Leonida sina kaka. Mara ya kwanza nilitoa jina langu tu, mengine yakazama. Mara ya pili nikalia, na kama ingekuwa kikaoni, kwa kilio hicho ningekuwa nimeshaolewa. Mzee Nasifu hakunirekebisha, alitazama mikono yake. Okochi alitoka nje. Mimi nikaendelea kulirudia mpaka likatoka lote, likiwa limenyooka, bila sauti kutetemeka. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Goretti akasema nimelisema vizuri sana, kisha akaanza kulia yeye.

Kwa hiyo usidhani nakutisha. Nilipoanza klabu nilikuwa naomba Mungu anipe nguvu ya kusema neno lolote mbele ya watu. Amenipa. Nilitumaini hili moja lingenishinda, na halikunishinda.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna ulezi, pale pale kwa Mzee Ikwap, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wewe ndiye utakayeitwa kwanza. Si lazima useme vizuri, Rasto, hata ukigugumia watakungoja, nimewaomba wakungoje. Mzee Ikwap akiliita jina lako na asiitikiwe, zamu inakuwa yangu.

Nisalimie wifi, mwambie sina kinyongo naye na chai yake ilikuwa tamu. Nisalimie watoto wako wote kwa majina. Mama usimwambie kitu, mshikie tu mkono kwa niaba yangu, ukae naye kidogo. Wanangu wanakusalimu, Omoding anauliza mjomba atakuja lini, na mimi nimemjibu kwamba sijui. Mungu akulinde njiani kama utaishika njia.

Ni mimi, dada yako hadi Jumamosi hiyo,

Leonida